Andika Kile Ambacho Jedwali Halisemi: Mhadhara juu ya Kanzidata, Akili Unde na Takwimu za Afya za Kibaha na Kisarawe



Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuuliza asubuhi yoyote, "Mwezi uliopita Kongowe waliona wagonjwa wangapi wa malaria?" Kwa mtu aliyezoea Maili Moja ya Kibaha, swali hilo halina tabu. Kongowe ni kata ya Mji wa Kibaha, ukielekea Mlandizi kwa barabara ya Morogoro. Lakini mtajie kondakta wa Mbagala jina hilohilo, atakushusha Kongowe nyingine, ya barabara ya Kilwa. Masaki ni kata ya Kisarawe; Masaki pia ni ile rasi ya wenye nazo kule Dar es Salaam. Kisarawe ni wilaya, tena ni kata ndani ya wilaya hiyo, na Kisarawe II ni kata ya Kigamboni, mkoa mwingine kabisa. Hata Kibaha, ukiitaja hivihivi, utaulizwa: Halmashauri ya Mji, au ya Wilaya yenye makao yake Mlandizi?

Mtunza takwimu mzoefu hujibu maswali haya bila hata kutambua kwamba ameulizwa. Anamjua anayeuliza, anajua amekaa ofisi gani, na anajua kituo kipi kilichelewesha ripoti. Siku hizi swali lilelile linaanza kupelekwa kwa msaidizi wa aina nyingine: wakala wa akili unde, yaani programu inayopokea swali kwa maneno ya kawaida, ikaandika yenyewe maagizo ya SQL (lugha ya kuhoji kanzidata), ikayapeleka kwenye kanzidata, kisha ikarudi na jibu lililoandikwa vizuri. Wakala huyu hajawahi kukaa Maili Moja. Yote anayoyajua kuhusu kanzidata yetu ameyapata kwa njia moja: zana ya kukagua muundo wake, pamoja na maelezo tuliyoambatanisha na zana hiyo.

Mhadhara huu unahusu maelezo hayo. Hoja yangu ni fupi. Zana ya kukagua kanzidata huonyesha kilichopo, lakini haina uwezo wa kusema kilichopo kina maana gani, wala kisichoonekana kimekwenda wapi. Kazi ya mwandishi wa maelezo ni kuandika yale ambayo jedwali haliwezi kujisemea. Na watu wenye ujuzi huo wamo humu ukumbini, kwenye zahanati na ofisi za halmashauri, zaidi ya walivyo kwenye kampuni za programu.

Zana yenyewe hufanya nini

Wazo la kanzidata kujieleza si geni. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM, alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa kanzidata za majedwali tunazotumia leo. Mwaka 1985 akatoa kanuni za kupima ni mfumo upi unastahili kuitwa kanzidata ya namna hiyo. Moja ya kanuni hizo ilitaka maelezo ya muundo yahifadhiwe ndani ya kanzidata yenyewe, katika majedwali kama yale ya data, ili mwenye ruhusa aweze kuyauliza kwa lugha ileile. Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kiliupa mpango huo jina la pamoja, "information_schema". Kwa hiyo ukiingia kwenye kanzidata ya PostgreSQL leo, unaweza kuiuliza ina majedwali gani, kila jedwali lina safuwima zipi, ni za aina gani, na zimeungana wapi na majedwali mengine.

Zana ya kukagua muundo haifanyi zaidi ya kuuliza maswali hayo kwa niaba ya wakala. Kwa kawaida ina kazi tatu: kuorodhesha majedwali, kueleza jedwali moja, na kuonyesha viungo kati ya majedwali. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, inayoeleza namna ya kumkabidhi wakala zana kama hizi. Kila zana hutangazwa kwa jina lake, maelezo yake kwa maneno, na orodha ya vitu inavyohitaji kupewa.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Zamani maelezo ya programu yaliandikwa kwa ajili ya binadamu, na programu ilifanya kazi vilevile hata kama hakuna aliyeyasoma. Wakala huchagua zana kwa kusoma maelezo. Ukiandika vibaya, ataita zana isiyofaa, au ataiita mahali pasipofaa, au hataiita kabisa. Maneno yamekuwa sehemu ya mtambo.

Kutoka vitabu hadi seva

Nimechagua mfano wa takwimu za afya kwa sababu Mkoa wa Pwani una historia nao. MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, uliingia katika vituo vyetu miaka ya mwanzo ya 1990 ukiwa ni mfululizo wa vitabu. Waliofanya kazi zahanati wanavijua kwa namba: Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 12 cha wodi ya wazazi. Na kitabu cha 1? Ni mwongozo. Waliobuni mfumo ule walianza na maelezo, wakayapa namba na nafasi kwenye rafu kama vitabu vingine vyote.

Kompyuta zilipokuja, zilikuja na programu ya DHIS, iliyozaliwa Afrika Kusini baada ya 1994 katika mradi wa HISP na kujengwa juu ya Microsoft Access. Toleo lake la pili, DHIS2, lilisimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, likahamia kwenye wavuti na kutumia PostgreSQL. Wizara ya Afya ilipoamua kulitumia nchini, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishiriki, mkoa uliotangulia kwenye majaribio ulikuwa huu wetu wa Pwani. Hadi mwishoni mwa 2013 mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima. Kwa hiyo tarakimu zinazoandikwa kwa kalamu Maneromango au Magindu zimo katika kanzidata ambayo programu inaweza kuihoji kwa sekunde chache.

Tarakimu zilihama. Mwongozo haukuhama nazo kwa kasi ileile. Sehemu yake iliingia kwenye mafunzo, sehemu kwenye waraka, na sehemu kubwa ikabaki vichwani mwa watu. Ndiyo sababu naona tunapaswa kuanza na mifano, tuone wakala anakwama wapi hasa.

Jedwali la malaria halipo

Mwambie wakala akague kanzidata ya DHIS2 na atafute malaria. Ataorodhesha majedwali, nayo ni mamia. Hataona jedwali liitwalo malaria, wala la wajawazito, wala la chanjo. Ataona "dataelement", "organisationunit", "period", "categoryoptioncombo" na "datavalue". Wakala asiyeongozwa anaweza kurudi na jibu safi kabisa: kanzidata hii haina taarifa za malaria.

Kosa haliko kwenye zana. DHIS2 imejengwa ili nchi yoyote iweze kuongeza ugonjwa au huduma mpya bila kubadili majedwali. Malaria haikuwekwa katika jina la jedwali wala la safuwima. Imo ndani ya mstari mmoja wa jedwali la "dataelement". Tena si mmoja. Fomu ya wagonjwa wa nje hutenganisha malaria iliyothibitishwa kwa hadubini, iliyothibitishwa kwa kipimo cha haraka, na ile iliyotibiwa bila kipimo. Mganga Mkuu aliyeuliza "malaria" alitaka ipi kati ya hizo? Msimamizi wa MTUHA angemuuliza, au angejua kutokana na kikao cha wiki iliyopita. Wakala atachukua ya kwanza kuiona, isipokuwa maelezo yawe yamemwambia kwamba ziko tatu na kwamba kuzijumlisha ni uamuzi wa mtu.

Sasa tuliangalie "datavalue", mahali tarakimu zinapokaa. Kituo kilichotoa taarifa kimeandikwa kwenye safuwima iitwayo "sourceid". Ukisoma jina hilo peke yake utadhani ni chanzo cha data: fomu, simu, au mtu aliyeingiza. Kumbe huelekeza kwenye jedwali la "organisationunit", yaani zahanati, hospitali, kata au halmashauri. Zana inayoonyesha majina ya safuwima bila viungo itampoteza wakala hapo. Inayoonyesha viungo itamwokoa, lakini sentensi moja ya maelezo itamwokoa mapema zaidi.

Kwenye jedwali hilohilo tarakimu huhifadhiwa katika "value", nayo ni safuwima ya maandishi, kwa kuwa baadhi ya majibu ni "ndiyo" au "hapana", na mengine ni maneno. Wakala akijaribu kuijumlisha moja kwa moja, PostgreSQL itakataa na kurudisha kosa. Hilo ni kosa jema. Linapiga kelele, wakala anasahihisha, maisha yanaendelea. Tunayopaswa kuyaogopa ni makosa ya kimya, ambayo SQL yake ni sahihi, jibu linarudi, na hakuna anayeshtuka.

Sifuri iliyotoweka

Watu wa Kisarawe mnaikumbuka kampeni ya Tokomeza Zero, Jokate Mwegelo alipokuwa Mkuu wa Wilaya, iliyolenga kumaliza daraja sifuri kwa wanafunzi wetu wa sekondari. DHIS2 nayo ina Tokomeza Zero yake, lakini hiyo inahitaji tahadhari. Kwa mpangilio wake wa kawaida, mtumishi akiingiza sifuri, mfumo hauihifadhi, ili kuokoa nafasi. Sifuri hubaki pale tu kipengele husika kilipowekewa alama kwamba sifuri yake ina maana. Alama hiyo imo kwenye safuwima ya "zeroissignificant" katika jedwali la "dataelement".

Fikirieni maana yake. Zahanati moja ya Mafizi haikuwa na kifo chochote cha mtoto mchanga mwezi Machi, mtumishi akaandika 0. Zahanati nyingine ya Vikumbulu haikuleta ripoti kabisa kwa sababu barabara ilikatika kwa mvua. Ndani ya "datavalue" zahanati hizi mbili zinafanana: hakuna mstari. Wakala akiulizwa ni vituo vingapi havikuwa na vifo, anaweza kuzihesabu zote mbili. Akiulizwa ni vituo vingapi havikuripoti, anaweza pia kuzihesabu zote mbili. Majibu yote mawili yatakuwa na sura ya kuaminika, na yote mawili yatakuwa na makosa.

Njia ya kutofautisha ipo. Kuna jedwali la "completedatasetregistration" linalotunza kumbukumbu kwamba kituo fulani, kwa kipindi fulani, kilitia alama kuwa fomu imekamilika. Kituo kilichokamilisha fomu na hakina mstari huenda kiliandika sifuri. Ambacho hakikukamilisha hakijasema neno. Lakini katika muundo wa kanzidata hakuna kiungo kinachosema, "kabla ya kutafsiri ukimya, angalia huku." Kanuni hiyo haimo kwenye majedwali. Ni lazima mtu aiandike.

Makosa mengine ya kimya nitayapitia kwa haraka. Mstari uliofutwa kwenye "datavalue" unaweza kuwa bado upo, umewekewa tu alama kwenye safuwima ya "deleted", na asiyejua atauhesabu. Idadi ya watu katika eneo haijumlishwi mwezi kwa mwezi kama wagonjwa wa nje, la sivyo Kisarawe itakuwa na wakazi mara kumi na mbili ya wale ilio nao. Namna ya kujumlisha imeandikwa kwenye "aggregationtype", na wakala asiyeisoma ataongeza kila kitu. Neno "mwaka" kwa daktari ni Januari hadi Desemba, kwa mweka hazina wa halmashauri ni Julai hadi Juni, na DHIS2 inavikubali vipindi vyote viwili. Na yale majedwali ya uchambuzi, ambayo majina yake huanza na "analytics", hutengenezwa upya kwa ratiba, mara nyingi usiku. Tarakimu iliyoingizwa Mlandizi asubuhi hii huenda isionekane humo hadi kesho.

Kuandika maelezo yanayofanya kazi

Maelezo ya zana nyingi huandikwa hivi: "Zana hii hurejesha muundo wa jedwali." Sentensi hiyo haina uongo, na haina msaada. Inarudia jina la zana kwa maneno marefu. Linganisheni na hii:

"Tumia zana hii kabla ya kuandika SQL yoyote. Hurejesha safuwima, aina zake, viungo na maelezo ya msimamizi. Hairejeshi takwimu zenyewe. Jina la ugonjwa au huduma lisipoonekana katika orodha ya majedwali, usihitimishe kuwa halimo. Litafute katika dataelement. Jina la mahali likirudi zaidi ya mara moja, usichague mwenyewe; muulize aliyeuliza, ukimtajia halmashauri ya kila moja."

Maelezo haya yanafanya mambo manne. Yanataja wakati wa kutumia zana. Yanataja inachorudisha na isichorudisha. Yanazuia hitimisho la uongo ambalo mtu mwerevu angelifikia. Na yanaeleza ni wapi wakala asimame na kuuliza. Katika hayo manne, la tatu ndilo watu hulisahau, kwa kuwa mwandishi mwenyewe hawezi kudanganyika na jambo analolijua.

Maelezo ya safuwima yafuate mwendo huohuo. Kwa "sourceid": "Kituo au eneo lililotoa taarifa. Unganisha na organisationunitid katika organisationunit. Kupata jumla ya halmashauri, tumia safuwima ya path kukusanya vituo vyote vilivyo chini yake." Kwa "value": "Maandishi. Kabla ya kujumlisha, angalia valuetype na aggregationtype katika dataelement. Kukosekana kwa mstari si lazima kuwe ni sifuri; linganisha na completedatasetregistration." Ni sentensi chache, na kila moja imebeba jambo ambalo zana isingeweza kuligundua, au ingeligundua baada ya jibu baya kufika kwenye kikao.

Yaandikwe wapi? PostgreSQL ina amri ya COMMENT, inayoambatanisha maneno na jedwali au safuwima ndani ya kanzidata yenyewe. Zana ikitengenezwa kuyasoma maneno hayo, maelezo yatasafiri pamoja na muundo. Waraka uliokaa kwenye kompyuta ya ofisa mmoja huhamishwa pamoja na ofisa huyo akipangiwa kituo kingine. Hata hivyo, DHIS2 hupandishwa toleo mara kwa mara na majedwali yake hubadilika. Basi maelezo yawekwe pia kwenye faili moja linalotunzwa kwa matoleo, ili yarudishwe baada ya kila mabadiliko, na kila ingizo liwe na tarehe na cheo cha aliyeliandika.

Yawe marefu kiasi gani? Wakala ana kikomo cha maneno anayoweza kuyashika kwa wakati mmoja, na kadiri unavyomrundikia ndivyo anavyopoteza lililo muhimu. Kanzidata yenye mamia ya majedwali isimwagwe kwake yote kwa mkupuo. Ngazi ya kwanza iwe orodha yenye mstari mmoja kwa kila jedwali, ikianza na yale machache yanayojibu maswali ya kila siku. Ngazi ya pili iwe maelezo kamili ya jedwali alilolichagua. Majedwali ya mambo ya ndani ya mfumo, yasiyohusu swali la mganga wala la diwani, yatajwe kwa pamoja na kuachwa.

Na maneno yawe yale ambayo watu huulizia. Mkunga wa Mzenga atauliza kuhusu "hudhurio la kwanza la mjamzito". Diwani atauliza kuhusu "wagonjwa wa nje". Majina hayo yakiwemo kwenye maelezo, kando ya majina ya kompyuta, wakala ataunganisha swali na safuwima yake bila kubahatisha.

Milango inayofungwa

Nimezungumzia takwimu za jumla, zisizo na jina la mtu. Lakini DHIS2 ina pia sehemu ya kufuatilia mtu mmoja mmoja, na humo kuna majedwali kama "trackedentityattributevalue" yanayoweza kubeba majina, namba za simu na vijiji. Mifumo ya hospitali, kama GoT-HoMIS inayotumika kwenye halmashauri zetu, nayo imejaa taarifa za namna hiyo.

Zana nyingi za kukagua muundo huja na huduma ya ziada inayoonekana haina madhara: huonyesha mistari mitatu ya mfano, ili wakala aone sura ya data. Kwenye "datavalue" mistari mitatu haina shida. Kwenye majedwali ya wagonjwa, mistari hiyo mitatu ni watu watatu. Na kijijini si lazima jina liwepo: umri, tarehe ya kliniki na jina la zahanati vyatosha kwa jirani kumtambua mhusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuwe na sababu halali ya kuchakata taarifa za mtu na tuzilinde. Kumwonyesha wakala majina ya wagonjwa ili ajifunze sura ya jedwali ni jambo gumu kulitetea mbele ya sheria hiyo.

Ulinzi wa kwanza ni wa kanzidata, wala haupaswi kuachiwa maelezo. Wakala apewe akaunti ya kusoma tu, kwenye majedwali yaliyoruhusiwa tu. Maelezo yana kazi ya pili: kutaja kilichofungwa. Wengine hupenda kuficha kabisa, jedwali lisionekane hata jina. Matokeo yake wakala humwambia mtumiaji kwamba taarifa hizo hazipo, na mtumiaji akaenda kuanzisha daftari jipya la kukusanya kitu ambacho tayari kimekusanywa. Afadhali yaandikwe: "Taarifa za mgonjwa mmoja mmoja zipo, hazifunguliwi kwa zana hii, maombi yapelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya." Mlango umefungwa, na anayebisha ameambiwa aende wapi.

Liko pia suala la maneno yaliyoandikwa na watumiaji ndani ya data, mathalani safuwima ya "comment". Mtu anaweza kuandika humo chochote, hata sentensi iliyo katika sura ya agizo kwa wakala. Maelezo yaseme wazi kwamba yaliyomo humo ni data ya kusomwa, na kwamba hakuna amri ya kufuatwa kutoka huko.

"Si itajifunza yenyewe?"

Najua pingamizi linalosubiri. Programu hizi zimesoma maandishi mengi kuliko mtu yeyote. DHIS2 ni programu huria, inatumika katika nchi nyingi, na maelezo yake yapo hadharani kwa Kiingereza. Kwa nini tujisumbue kuandika tena?

Ni kweli kwamba wakala mzuri huenda akajua "sourceid" ni nini bila kuambiwa. Anaweza pia kujua tabia ya sifuri, kwa kuwa imeandikwa kwenye mwongozo wa mfumo. Lakini ni vipengele vipi ambavyo Tanzania imeviwekea alama kwamba sifuri yake ihifadhiwe? Ni lini fomu ya wagonjwa wa nje ilibadilishwa, hata takwimu za kabla na za baada zisilinganishwe moja kwa moja? Mkuranga ilikuwa sehemu ya Kisarawe kabla ya kuwa wilaya. Anayelinganisha Kisarawe ya zamani na ya leo analinganisha maeneo mawili yenye ukubwa tofauti. Mambo haya hayamo kwenye mwongozo wa Oslo. Yamo kwenye waraka wa wizara, kwenye mihutasari ya vikao, na katika kumbukumbu za watumishi ambao baadhi yao wanakaribia kustaafu.

Kuna pia pingamizi la upande wa pili: kama wakala anaweza kukosea kiasi hiki, tuachane naye. Sikubaliani nalo, kwa sababu makosa niliyoyataja hayakuletwa na akili unde. Mtumishi mpya aliyeripoti kazini wiki hii anaweza kuyafanya yote. Alikuwa akiyaepuka kwa kukaa karibu na mzoefu na kuuliza. Tofauti ni kwamba mtumishi mpya akikosea huonekana kusitasita, na mwenzake akamsogelea. Wakala hasiti. Hutoa jibu baya na jibu zuri kwa sauti moja. Kwa hiyo maelezo tunayomwandikia wakala yatamfaa pia yule kijana mpya, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuyaandika hata kama wakala hatakuja.

Ninachopendekeza

Nitoe mapendekezo matatu yanayoweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya.

La kwanza, halmashauri za Kibaha na Kisarawe zikutanishe wasimamizi wa MTUHA na maofisa TEHAMA, wachague majedwali machache yanayojibu maswali mengi, na kwa kila moja waandike mambo matano: lina nini, halina nini, huunganishwa vipi, hudanganya wapi, na nani aulizwe. Anayejua huduma aseme, anayejua kompyuta aandike, kisha wabadilishane waone kama wameelewana.

La pili, watunge maswali ya kupimia ambayo majibu yake yamehesabiwa kwa mkono kutoka kwenye vitabu. Maswali yawe na mitego tunayoijua: Kongowe, Masaki, mwezi usio na kifo, kituo kisichoripoti, mwaka wa fedha. Wakala ajibu, na mtumishi mpya ajibu kwa kutumia maelezo yaleyale. Pale wote wawili wanapokosea swali moja, kasoro ni ya maelezo. Pale wakala peke yake anapokosea, maelezo yameandikwa kwa namna ambayo binadamu anaijazia mwenyewe. Zoezi hilo lirudiwe kila mfumo unapopandishwa toleo.

La tatu, kazi hii iwe na mwenyewe. Maelezo yasiyo na mhusika huchakaa kimyakimya, na maelezo yaliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kutokuwa nayo, maana wakala huyaamini. Ipangwe kwenye majukumu ya cheo, ikaguliwe kwenye vikao vya robo mwaka kama inavyokaguliwa ripoti yenyewe.

Mkoa wa Pwani ulikubali kutangulia wakati nchi ilipojaribu kuhamisha takwimu za zahanati kwenda kwenye seva. Mikoa mingine ilifuata njia iliyokwisha kupitiwa hapa. Leo, kwa ninavyojua, nchi haijawa bado na maelezo ya pamoja ya namna wakala wa akili unde anavyopaswa kuisoma kanzidata ya afya. Yakiandikwa Kibaha na Kisarawe, kwa Kiswahili, na watu wanaojua kwa nini mstari fulani haupo, wilaya kama Bagamoyo na Rufiji, pamoja na mikoa mingine, zitakuwa na kitu cha kuanzia badala ya ukurasa mtupu. Wasimamizi wa MTUHA mliomo humu, naomba kabla ya kutawanyika mkubaliane tarehe ya kikao cha kwanza.